Chapati za Kahawia za Mzee Cheupe

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni watu wawili. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu aliyechoka. Mgongo unalalamika, ila nimeuzoea, nao umenizoea. Paa la jikoni lilivuja mvua zilizopita, nikaweka sufuria chini ya tundu, na sasa sufuria ile haina kazi nyingine. Mshonaji jirani yetu anakusalimia. Bado anafuga kuku, na bado anashona suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kisha anamlaumu mteja kwamba amesimama vibaya.

Utashangaa kupata barua enzi hizi. Namba ya simu ulibadilisha na hukutupa mpya, hilo nimelinyamazia. Anwani ya kantini yenu nimeipata kwa mtu aliyewahi kula hapo akakutambua kwa sura. Na hata ningekuwa na namba, tungeongeaje? Ukuta kati ya chumba cha Baba na jiko ni mbao tupu, nawe unayajua masikio yake. Tangu macho yake yaingie ukungu, naona anasikia mpaka ninavyofikiri.

Sasa neno lenyewe. Baba ana kisukari. Kiligunduliwa mwezi wa kumi na moja, baada ya kidonda kwenye dole gumba la mguu wa kulia kukataa kupona. Daktari amesema wazi kwamba sukari isiposhuka, mguu utakatwa. Amempa vidonge, halafu amemkataza unga mweupe. Hebu fikiria! Amemkataza unga mweupe Mzee Cheupe, mtu aliyekaa kwenye mashine ya kusaga miaka arobaini akiwakobolea watu ngano mpaka inang'aa, hadi wateja wakampa jina hilo, na yeye mwenyewe ni mweusi tii.

Nilimpikia uji wa unga usiokobolewa. Alinusa tu, akasema, "Umeniletea chakula cha kuku?" Nikanunua mkate wa kahawia. Kipande cha kwanza alikula kwa sababu muuguzi alikuwepo, cha pili nilikikuta chini ya godoro. Anachokubali ni chapati za maji tu, zile laini. Nasikia wewe huko unapika chapati za maji za unga mzima na watu wanapanga foleni. Niandikie unavyofanya. Kama hasira zako bado zipo, ziweke kando kwa urefu wa karatasi moja.

Ni mimi dada yako.

11 Machi

Dada,

Salamu zako zimefika, na mimi narudisha zangu. Mshonaji naye mpelekee zake. Sijambo. Kantini inalisha watu mia mbili wa kiwanda cha mabomba, na wote wanashikwa na njaa dakika ileile. Nimehama chumba. Hiki kipya kina dirisha linalotazama ukuta, lakini ni dirisha. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa kwenye mfuko wa aproni mpaka ikanuka vitunguu.

Chapati ni hivi. Usinunue unga wa pakiti, hujui walichokitoa. Nunua ngano yenyewe, ipeleke ikasagwe, na usikubali wakukobolee. Vikombe viwili vya unga, yai moja, maziwa mgando vikombe viwili, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sukari usiweke, weka mdalasini. Koroga, halafu liache rojo likae nusu saa bila kuguswa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Unga mzima una kiu, unataka kunywa kwanza. Ukiuharakisha, unapata chapati inayokwaruza koo. Kikaango kipate moto wa wastani, mafuta yapakwe tu, yasimwagwe. Ukiona vipovu vimetoboka juu, geuza.

Ya kwanza siku zote itaharibika. Kula wewe, umesimama, kabla hujaitwa.

Mtu akiuliza zimetoka kwa nani, usinitaje.

Ni mimi.

2 Aprili

Mdogo wangu,

Huku mvua zimekata, sufuria yangu imepumzika. Mshonaji ametuletea mayai sita ya shukrani, kwa ajili ya makombo ninayompelekea kuku wake. Anasema wamenona mpaka wanatembea kama wenye nyumba za kupangisha.

Amekula! Nilifuata maneno yako yote, nikampelekea tano kwenye sahani, nikasimama mlangoni kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Akagusa kwa kidole, akanusa, akauma. Akatafuna muda mrefu. Nikamwambia ndiyo hizo za unga mzima, maelekezo ya muuguzi. Akasema, "Hizi sawa." Maneno mawili tu, lakini kwa Baba hiyo ni hotuba. Alimaliza zote tano, na jioni akauliza kama rojo limebaki.

Sasa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Naamka, naosha kidonda, nafunga bandeji, nakoroga, nasubiri nusu saa, nakaanga, namlisha vidonge, nafua, kisha jioni naanza tena. Ile nusu saa ya rojo kunywa ndiyo pekee ninayokaa kitini. Nakushukuru kwa hiyo nusu saa.

Hukuuliza hali yake hata kwa mstari mmoja. Sikulaumu, nasema tu kwamba nimeona.

Dada yako.

20 Aprili

Dada,

Nimefurahi kwamba zimeliwa. Nimeshangaa pia. Hapa kantini mwezi wa kwanza walinizomea. Mmoja alisema nimempikia mkeka. Watu waliozoea unga mweupe hawageuki siku moja, na mzee wa huko hajawahi kugeuka hata kitandani. Labda uzee umemlainisha. Mimi sikumjua akiwa laini.

Umeniambia nimekaa kimya, basi nitasema kidogo. Wewe hukuwepo siku ile pale mashineni, ulikuwa umempeleka marehemu Mama kliniki. Nilichora kibao kwa rangi, "Unga mzima unapatikana hapa", nikakipigilia mlangoni. Nilikuwa nimesoma, nikaona watu wataanza kuutaka. Baba akakisoma mbele ya wateja zaidi ya kumi, akakibandua, akasema, "Kama unataka kuuza pumba, nenda kauze kwa kuku wenzako." Walicheka wote. Hata yule mama aliyekuwa akinikopesha daftari nilipokuwa shule alicheka. Nikavua aproni. Miaka minane sasa.

Sitaki uniombee msamaha wala unipoze. Nimekwambia kwa sababu umeuliza bila kuuliza.

Jipumzishe. Nusu saa ifanye iwe saa nzima, rojo halitakasirika.

Ni mimi.

29 Mei

Mdogo wangu,

Nimekawia, na utaona sababu. Salamu fupi: mimi nipo, mshonaji yupo, mahali ulipochora urefu wako kwenye mlango bado papo.

Sukari haijashuka. Tumekwenda kliniki mara nne na kila mara imepanda. Juzi muuguzi alinisimamisha akaniuliza, "Dada, unampa nini huyu mzee?" Nikamwambia chapati za unga mzima, asubuhi na jioni. Akanitazama kama mtu anayeangalia noti bandia. "Niambie ukweli tu, hapa hapigwi mtu." Nimemhudumia baba yangu tangu Mama afariki, sijaenda hata harusi ya rafiki yangu, halafu ninaitwa mwongo mbele ya foleni. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka.

Kidonda kimekuwa cheusi pembeni na vidole viwili vimepoteza rangi. Daktari ametupa mwezi mmoja. Baada ya hapo ni kisu, na hajui kitaishia wapi: vidole, au kifundo, au chini ya goti.

Nakuandikia kila ninachofanya, labda jicho lako litaona. Ngano nanunua sokoni, naipeleka kwa yule kijana aliyeinunua mashine yetu, nasimama palepale asije akaikoboa. Unga unatoka na rangi ya mchanga, una harufu nzuri ya shamba. Asubuhi natoa vikombe viwili, nauchekecha mara mbili, pumba naweka kwenye kopo la kuku, naongeza yai, maziwa mgando, chumvi, mdalasini. Naacha nusu saa. Napaka mafuta kwa kitambaa. Moto wa wastani. Sukari haipo kabisa, naapa. Vidonge nampa mwenyewe mkononi na nasubiri ameze.

Nimekosea wapi?

Dada yako.

6 Juni

Dada,

Barua yako imefika leo saa tano na najibu leo, nimeketi juu ya gunia, watu wanagonga sahani.

Chekeche, Dada. Unauchekecha. Unaupeleka mpaka mashineni usikobolewe, unasimama kama askari, halafu unaufikisha nyumbani na kuukoboa kwa mkono. Baba anakula unga mweupe miezi miwili, na kuku wa mshonaji ndio wanaofuata ushauri wa daktari.

Nimekaa na karatasi hii nikicheka, kisha sikucheka tena. Najua ilivyotokea. Unakumbuka Mama alivyokuwa akitupiga vidole kwa mwiko tukimimina unga kwenye bakuli kabla ya kuchekecha? Kwa nyumba ya msagaji ile ilikuwa aibu kubwa kuliko kumpokea mgeni kitanda hakijatandikwa. Mimi mwenyewe hapa kantini, mwaka wa kwanza, mkono ulikuwa unakwenda kwenye chekeche bila kuniomba ruhusa. Ilinibidi nilitupe. Nilipaswa kukuonya. Niliandika vipovu, nikaandika mdalasini, hilo sikuliandika kwa sababu nilitaka kumaliza ile barua haraka. Kosa ni langu kama lilivyo lako.

Litupe leo. Na sasa ndiyo utamwona Baba ninayemjua mimi.

Ni mimi.

25 Juni

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama jikoni, na chekeche lilikuwa mkononi. Mkononi kabisa. Nikakaa sakafuni.

Mazoea yana taabu. Mikono hii imempikia mzee wa watu kile kile kinachomla mguu, na kila asubuhi nimejipongeza. Muuguzi aliniita mwongo, na kumbe nilikuwa mwongo nisiyejijua. Nimekwenda kumwambia. Alinishika bega, akasema chapati peke yake haikati mguu wala haiuponyi, kidonda kilikuwepo tangu zamani. Nilimsikia, lakini moyo haukusikia.

Nimepika zile za kweli. Umesema ningemwona, na nimemwona. Aliuma moja, akaitema kwenye kiganja, akairudisha sahanini, akaifunika kwa leso. Siku tatu hajala kitu zaidi ya maziwa. Nimemwambia kosa langu, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema, Baba, nisamehe, nilikuwa nachekecha. Akageukia ukutani. Usiku na mchana najiuliza kama ananichukia.

Kesho kutwa analazwa. Ijumaa ni kisu.

Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu akipikiwa na asiyesikia, huvunjika guu la nani?

Sina cha kukuomba. Nilitaka ujue siku tu.

Dada yako.

9 Julai

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la wodi. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu inaingia mpaka kwenye chai.

Vidole viwili vimekwenda, dole gumba na kile kinachofuata. Mguu umebaki. Daktari anasema utaendelea kubaki sukari ikishuka, na isiposhuka tutaonana tena mwezi wa tisa kwa habari nyingine. Sasa kila kitu kiko kwenye kinywa cha Baba.

Jana aliamka akili ikiwa safi. Akauliza, "Yule anayekuandikia, utamjibu lini?" Nikashtuka. Akasema kalamu yangu huwa inakwaruza, na hakuna mwingine ninayeweza kumwandikia mpaka nikalia. Akasema nichukue karatasi, yeye ataongea, nami niandike kama anavyosema. Nimeandika. Sikuongeza neno, na la kutoa lilikuwepo lakini sikulitoa. Haya ni yake:

"Mwambie nimekatwa vidole viwili. Mwambie dada yake hana kosa. Chekeche nilikuwa nalisikia kila asubuhi. Nimefanya kazi na chekeche kabla nyinyi hamjazaliwa, naijua sauti yake kuliko ninavyozijua sauti zenu. Asubuhi ya kwanza nilijua kwamba hajui anachofanya. Nikanyamaza. Chapati zilikuwa laini. Na ningesema, ningepaswa kula zenye pumba, na kula zenye pumba ni kukubali maneno ya kile kibao mbele ya wale watu. Watu wenyewe nusu yao wameshakufa. Nikaona heri vidole. Mwambie hivyo. Basi."

Nilipomaliza kuandika "Basi", akanyoosha mkono akitafuta wangu, nami nikauficha chini ya meza. Ndiyo, nimemkasirikia Baba yangu mgonjwa. Alinisikia nikichekecha, na alinisikia nikilia wiki zile zote, maana mbao ni zilezile. Nilipiga magoti kumwomba radhi kwa jambo alilolijua kabla yangu, akageukia ukuta. Kwa ajili ya kibao cha miaka minane aliniacha nibebe mguu wake kichwani. Na nyinyi wawili, mmoja huku na mmoja huko, kiburi chenu kimetoka kwenye gunia moja, na mimi katikati ndiye ninayekisaga.

Baadaye nilimshika mkono. Ningefanya nini?

Leo asubuhi nilimletea zile za kahawia kwenye kontena, nikamwambia zina pumba zote. Alikula moja na nusu. Alitafuna kama mtu anayetafuna mkataba. Ile nusu iliyobaki akaniambia niifunge, ataimaliza mchana, na mchana aliimaliza.

Tunarudi nyumbani wiki ijayo. Nitakuwa na kidonda cha kuosha mara tatu badala ya mbili, na mtu wa kumnyanyua kwenda msalani, na rojo asubuhi na jioni. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kwenye nywele.

Dada yako.

15 Julai

Dada,

Nimeomba ruhusa kwa msimamizi, amenipa wiki tatu, nami nitaongeza ya nne nikiwa huko ili asipate nafasi ya kukataa. Nafika Alhamisi, mchana.

Aliyoyasema Baba nimeyasoma mara nyingi na sitayajibu kwa karatasi. Nitayajibu nikimwosha mguu, au sitayajibu.

Lako ndilo ninalotaka kulisema kabla sijapanda gari. Miezi mitano umeniandikia, na hukuniomba nije hata mara moja. Niliona. Kila barua nilitafuta hilo ombi, nikilikosa najiambia, basi hanihitaji, na kumbe nilikuwa nasubiri kuombwa na mtu mwingine kabisa, nikakuacha wewe ulipe kungoja kwangu. Nisamehe. Sisemi hivyo kwa desturi ya barua.

Nitakapobisha, nifungulie. Nionyeshe vidonge vilipo na bandeji zilipo, halafu ingia chumbani kwako, ufunge mlango, ulale. Ukimsikia Baba anaita, usiamke. Anayeitwa ni mimi.

Mdogo wako.